Ufunguo Uliokuwa Shingoni Mwako

Sista Dorina,

Nimekikalia kiti chako mwaka mzima sasa, na leo kinanitia kinyaa. Kiti chenyewe hakina kosa. Ni kile kile cha mbao, mguu mmoja umefungwa waya, ambacho ulikataa kibadilishwe hata walipoleta vile vya kuzunguka. Kinyaa ni changu mimi ninayekikalia. Nilikuwa nimepanga kukuandikia barua ya shukrani, nikuambie kwamba kozi yako inaendelea, wanafunzi ni sita, na mlangoni wamebandika kibao chenye jina langu na maneno "Mkuu wa Kozi". Barua hiyo nimeianza mara tatu nikaichana. Sasa nakuandikia hii nyingine, na utanivumilia, maana hasira zangu unazijua, ulizilea mwenyewe.

Ni Jumapili mchana. Nimepitia hapa Hurlingham nikitoka kanisani, na ofisini hakuna mtu ila mlinzi, ambaye bado anakuita Mama Mkubwa kana kwamba umetoka tu kununua mkate. Sweta yako ya kijivu bado iko nyuma ya mlango. Kila mtu anataka kuitoa na kila mtu anaogopa kuigusa.

Nianze na mazishi yako, kwa sababu uchafu ulianzia pale. Tulikodi basi, tukasafiri kutwa nzima mpaka kwenu, mvua ikatunyeshea toka Kericho. Mwenyekiti wa idara alikuja na gari lake. Akasimama mbele ya kaburi na viatu vyake vizuri akasema tumempoteza muuguzi mwaminifu "aliyesaidia" kozi ya ushauri wa magonjwa ya kurithi. Aliyesaidia. Sista, wewe uliianzisha kozi hii na mabenchi mawili na sufuria moja ya maharagwe. Watu waliokwisha kupata digrii zao, na hata daktari mmoja, walikuja kukaa miguuni pako miaka miwili wajifunze jinsi ya kumwambia mzazi kwamba ugonjwa wa mtoto wake umetoka mwilini mwake, na mzazi huyo aondoke akiwa bado mtu. Kwenye makaratasi ya chuo jina lilikuwa la Mwenyekiti, kwa vile wewe ulikuwa na cheti cha uuguzi tu. Ndiyo maana ulinifukuza niende nisome. "Nenda uchukue hiyo karatasi yao," uliniambia, "halafu urudi na akili yako ile ile." Karatasi nilirudi nayo. Hiyo akili ndiyo nakuja kukuelezea.

Unakumbuka maharagwe? Najua unakumbuka, ila mimi ndiye ninayetaka kuyakumbuka. Ulikuwa unamwekea baba mbegu mbili mkononi, njahi moja nyeusi na haragwe moja jeupe, na mama vivyo hivyo. Unawaambia wafumbe ngumi. Halafu unachagua moja kwa baba na moja kwa mama bila kutazama, unaziweka mezani: huyo ni mtoto. Nyeupe mbili, mzima. Moja nyeusi na moja nyeupe, mzima kama wazazi wake, ila anabeba. Nyeusi mbili, ndio huyu analia viungo na macho yamekuwa manjano, huyu wa sikoseli. Unarudia mara nyingi mpaka baba mwenyewe aone kwamba hakuna aliyemroga mwenzake na hakuna aliyekosea kuoa. Nimeona wanaume wakubwa wa kazi za mjengo wakilia juu ya hiyo meza. Halafu jioni unazipika zile mbegu unatuambia tule mtihani wetu.

Mwenyekiti alizipiga marufuku mwezi wa pili baada ya wewe kuzikwa. Alisema ni mambo ya kienyeji na mtahini kutoka ng'ambo atatucheka. Nikasema sawa. Hiyo ilikuwa sawa yangu ya kwanza, na sawa ni kama panya, Sista, ukiona mmoja ujue nyumba imeshajaa.

Sasa nisikilize, nikupe habari yenyewe.

Kuna mama anaitwa Mama Akinyi, anakaa Riruta, anatoka upande wenu wa ziwa. Mumewe, Elisha, alikufa miaka saba iliyopita. Akinyi ana miaka mitano. Wewe ungeshaelewa hapo hapo. Mimi, niliyekulia Riruta, Mkikuyu wa kuzaliwa kwenye shamba la chai la watu, wewe ndiye uliyenifundisha, tena kwa subira ambayo hukuwa nayo kwa mambo mengine. Kwamba kwenu mume akifa, ndugu yake huingia katika nyumba ile, na watoto watakaozaliwa ni wa marehemu. Jina ni la marehemu, boma ni la marehemu, na kaburi la marehemu liko pale pale uani linawatazama. Yule ndugu hana ruhusa ya kusema "wangu". Watu wote wanajua na hakuna anayesema, na kutosema kwao si uongo. Uliniambia, "Nyambura, hapo usije ukajifanya polisi."

Huyo ndugu anaitwa Mzee Zablon, fundi seremala, mzee wa kanisa. Na kanisa lao, kama ujuavyo, mambo ya kuingia nyumba ya mjane hayasemwi hata kwa mafumbo. Basi lilikuwa jambo lililofunikwa pande zote, na chini ya hicho kifuniko mjane alikuwa na chumba, mtoto alikuwa na sare ya shule, na kila Ijumaa walikuwa wanakuja kliniki kuchukua dawa.

Mama Akinyi alitaka kujua kitu kimoja: akizaa tena, huyo naye atalia hivi? Swali hilo halijibiki bila kujua baba ni nani. Nilimpa familia hiyo mwanafunzi wangu Odera, kijana mwerevu, tena wa kwenu, anayeijua desturi hiyo kama jina lake. Na sitamnyima sifa yake, alianza vizuri. Alimtembelea mara mbili bila kuuliza chochote. Mara ya tatu akiwa peke yake naye, kama ulivyotufundisha, yule mama akamwambia mwenyewe. Odera akamshukuru, akampangia mbegu kwa siri (ndiyo, alikuwa nazo mfukoni, nilijifanya sikuona), mama akaelewa. Kisha akaja ofisini akachora ukoo.

Aliuchora kwa mtindo wako, na majina. Vitabu vinasema namba, lakini wewe ulisema huwezi kuujua ukoo wa watu kwa namba, utachanganya mke wa kwanza na wa pili na mtoto aliyepewa jina la babu. Kwa hiyo michoro yetu yote ina majina kamili ya watu, kwa penseli, na ndiyo maana ikafungiwa katika kabati la chuma, na ufunguo ukakaa shingoni mwako na msalaba wako. Penseli, jina, kufuli. Vitatu hivyo vilikuwa kitu kimoja, na mimi sikuliona hilo mpaka nilipokivunja.

Odera alichora mduara wa Akinyi, akaupaka nusu zote mbili nyeusi. Juu yake mama. Pembeni mraba wa marehemu Elisha, umekatwa mstari. Na kutoka kwa Akinyi mstari mwingine ulionyooka mpaka mraba wa Mzee Zablon, jina lake chini. Ulikuwa mchoro safi, Sista. Vizazi vinne, bila kasoro. Mimi nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: "Vizuri sana."

Mkono huu huu ninaokuandikia nao.

Basi ikatangazwa kwamba mtahini wa ng'ambo anakuja. Mwenyekiti akaingia humu akiwa na furaha kama mtu wa harusi, akasema anataka michoro sita bora ipigwe wino na ipachikwe ukutani, pale kwenye ukumbi mrefu wa kuingilia, mgeni aione akipita. Nikamwambia michoro haitoki kabatini. Akacheka. Akasema, "Nyambura, wewe siku hizi ni mkuu wa kozi, si mlinzi wa kabati. Ukitaka kozi itambuliwe, lazima ionekane." Nilikuwa na ufunguo wako shingoni, ule ule ulionivisha wodini wakati pumzi imekukalia kooni. Ulisema sentensi moja tu, na ulipumzika mara mbili katikati: "Usimpe mtu. Hata Mwenyekiti."

Nikauvua nikampa.

Sikupigwa wala kutishwa. Nilimpa kwa sababu niliona aibu kuonekana mshamba mbele yake, na kwa sababu, acha niseme yote, nilitaka ile "Vizuri sana" yangu isomwe na mzungu. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kilichokuwa nguoni kilikuwa mimi mwenyewe.

Mtahini alikuja siku ya Alhamisi. Tukanywa chai na keki za kununua Parklands. Alitembea ukumbini akitikisa kichwa, akasimama mbele ya mchoro wa Odera, akasema ni kazi ya kiwango cha dunia. Odera alitabasamu mpaka masikioni. Mwenyekiti alinipiga bega. Mimi nilisikia raha, Sista. Nilisikia raha tupu, sitakudanganya. Jioni ile tukaondoka kila mtu na njia yake na hakuna aliyeikumbuka michoro pale ukutani.

Kesho yake ikawa Ijumaa.

Ukumbi ule ndimo watu wetu wa kliniki wanamosubiri. Benchi liko chini ya ukuta ule ule. Watu wa kwenu wanakuja kutoka Riruta na Kawangware tangu saa moja, wanakaa pale na watoto wao, hawana cha kutazama ila ukuta. Na kati yao walikuwemo akina mama wawili wa kanisa la Mzee Zablon. Walisoma. Wengi wanajua kusoma, tulikuwa tunajivunia hilo. Mama Akinyi alipoingia na mtoto mgongoni, vichwa viligeuka kwake, kisha ukutani. Naye akatazama pale walipokuwa wanatazama wengine.

Mimi nilikuwa huku ofisini na mlango wazi. Nilimwona akisimama. Alisoma kuanzia juu mpaka chini, taratibu, kidole kikienda hewani. Alipofika kwenye maandishi mekundu alikawia kidogo. Halafu akageuka akatoka, bila dawa.

Nikauondoa ule mchoro mimi mwenyewe, niliung'oa pamoja na misumari yake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Jumapili mbili baadaye walimsimamisha Mzee Zablon mbele ya kanisa wakamvua uzee. Naye, kwa vile mwanaume akiaibishwa lazima apate wa kumwaibisha, akaenda Riruta akamwambia yule mama amemwandikisha kwenye karatasi za serikali, na atoke katika kile chumba. Mke wa Zablon alikuwa anajua siku zote, na hakuwa amelalamika. Kilichomuuma ni ukuta.

Ijumaa ya kwanza Akinyi hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu, mvua ndefu zimeanza, mbu wameanza, na wewe unajua mtoto wa sikoseli bila vidonge vya malaria msimu huo ni nini. Nilikuwa nafungua daftari la mahudhurio nikiliona lile pengo mbele ya jina lake.

Nikamwita Odera. Nilitaka nione aibu usoni mwake tulie pamoja, nisiwe peke yangu. Unajua aliniambia nini? "Mwalimu, mficha uchi hazai. Ukweli wa kisayansi ungetoka tu siku moja." Akasema na shingo imenyooka. Methali hiyo ni ya kumbembeleza mgonjwa aseme, Sista, wewe uliitumia hivyo kitandani kwa watu, sauti chini. Huyu aliifanya rungu la kumpigia mama aliyekwisha kusema. Na mtoto wa kwenu, anayejua. Ningalikuwa na kiboko siku ile ningalifungwa jela. Lakini katikati ya kufoka nikasikia sauti yangu, na nikaona mwandiko wangu mwekundu, nikajua kwamba shingo ile nimeinyoosha mimi.

Mwenyekiti naye alikuwa na dawa yake. Kitabu cha kozi kina safu ya wagonjwa walioacha kuja. Akaniambia niandike, "Amepotea." Ripoti inaenda kwa wale wanaoamua kozi itambuliwe au isitambuliwe, na tusiichafue kwa habari za chumba kimoja cha Riruta. Amepotea, kama mbuzi. Kana kwamba ni yeye aliyekwenda akapotea, na si sisi tuliomfukuza. Nilimtazama akipangusa miwani yake, nikatoka nikaenda kusimama kwenye bomba la uani.

Hapo kwenye bomba ndipo nilipokumbuka sukari.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru, mimi mwanafunzi wako wodini, sijui kitu najiona najua. Nilimwambia mama mmoja habari ya damu ya mtoto wake, na mama mkwe amekaa kitanda cha pili. Mkwe alisikia nusu, ile nusu ya "imetoka kwako". Wiki ile ile binti wa watu akarudishwa kwao na virago vyake. Hukunigombeza. Ulinunua sukari kilo moja na majani ya chai, ukanishika mkono, tukaenda kwa miguu mpaka Kawangware kwa yule mkwe. Mlangoni ukaniambia, "Leo hatusemi ugonjwa. Leo tunakunywa chai, ukipewa." Hatukupewa. Tukarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Jumamosi ya nne tukapewa chai, na ya sita mkwe mwenyewe akauliza. Wakati ule niliona ni kupoteza wakati wa watu wazima wawili.

Basi nikanunua sukari. Kumpata Mama Akinyi kulinichukua siku tatu za kuulizauliza. Alikuwa amehamia chumba cha mabati nyuma ya kinu cha kusaga unga, huko huko Riruta kwetu, hatua chache kutoka kwa kaka yangu. Anafulia watu nguo Parklands. Jumamosi ya kwanza alinitazama dirishani na hakufungua. Niliweka sukari mlangoni nikaondoka. Ya pili nilimchukua Odera, yeye ndiye aliyebeba sukari, na tukasimama nje kwenye vumbi la unga mpaka tukawa weupe wote wawili. Akafungua nusu. Akanitazama mimi, si Odera, akasema, "Wewe ndio uliandika vizuri sana." Akafunga.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Kuna maneno ambayo mtu akikuambia unashukuru hata kama yanakuchinja, kwa vile hakuna mwingine angekuambia.

Ya tatu alitufungulia. Akinyi alikuwa kitandani, vidole vimevimba, macho yamebadilika. Aligeuza uso ukutani aliponiona. Mama akatuonyesha kiti kimoja, nikakaa, Odera akachuchumaa. Hatukusema ugonjwa, ingawa ulikuwa pale kitandani unatutazama na mimi mikono yangu inawasha kumshika mtoto. Ndipo mama akasema, "Ile karatasi iko wapi?"

Nilikuwa nayo mkobani. Sijui kwa nini nilikuwa naibeba. Akaikunjua juu ya magoti yake, akaipangusa kwa kiganja kama mtu apangusavyo kitambaa cha meza. Akaniambia nifute ule mstari. Nikamwambia ni wino, haufutiki. Akatikisa kichwa kama aliyetarajia jibu la kijinga namna hiyo. Akaikunja mara mbili, akaisukumia ndani ya jiko, chini ya makaa, akaweka sufuria ya chai juu. Odera alifungua mdomo. Mchoro wa kiwango cha dunia. Nikamkanyaga mguu.

Tukanywa ile chai, Sista. Strungi, haikuwa na maziwa, na sukari ilikuwa ile yangu ya Jumamosi ya kwanza.

Halafu akasema, na nataka nikuandikie alivyosema, maana najirudia maneno haya kila siku. "Mimi nataka dawa ya mtoto. Lakini kwa kadi yake mutaandika jina ya baba yake vile mimi nasema, si vile nyinyi munajua. Baba yake ni Elisha. Kaburi yake iko. Mtoto akikua nitamwonyesha."

Odera alinitazama. Alikuwa anasubiri nimweleze yule mama kwamba damu haiwezi kutoka kwa mtu aliyekwisha kuzikwa. Nina digrii mbili, ndiyo kazi yangu kuyasema hayo. Nikatoa kadi mpya, nikaandika pale penye "Baba": Elisha, marehemu. Niliandika kwa wino. Nikampa aisome, akaisoma neno kwa neno, akaiweka kifuani. Kisha akamfunua mtoto blanketi na kuniambia, "Sasa mwangalie." Jambo lile lingine, la nani anabeba nyeusi na nani nyeupe, liko kichwani mwangu na mwake yeye, na linatosha huko.

Tulimpeleka Akinyi hospitali siku ile ile kwa teksi. Alikaa siku tisa. Amepungua, lakini amerudi, na ameanza tena kuniambia mimi ni mbaya, nikajua amepona.

Kwa Mwenyekiti sikuandika "Amepotea". Niliandika yote yaliyotokea, kurasa tatu, bila kumtaja mtu yeyote wa Riruta, na jina la mkosaji wa kwanza nikaweka langu. Amekasirika mpaka ananiita kwa jina la ukoo. Anasema kozi ikikosa kutambuliwa itakuwa ni kwa ajili yangu, na kwamba mwezi ujao kibao cha mlangoni kitabadilishwa. Kibadilishwe. Nilikwenda ofisini kwake nikamwomba ufunguo, akasema ataufikiria. Nikasimama hapo mpaka alipochoka kufikiria. Uko shingoni mwangu sasa ninapoandika, na unanikwaruza kama ulivyokuwa unakukwaruza wewe. Michoro yote sita imerudi kabatini, ile mitano kwa kweli, na Odera amekaa wiki nzima akiirudia kwa penseli.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nimekaa hapa, mlango wazi, saa moja na nusu. Walikuja wawili, kisha wanne, kisha benchi likajaa. Sikuwa nikitazama saa, nilikuwa nikitazama mlango. Saa tatu kasoro akaingia Mama Akinyi na mtoto mgongoni. Vichwa vikageuka tena, kama siku ile. Yeye hakumtazama mtu. Akaenda moja kwa moja mpaka pale pale, chini ya matundu ya misumari, akasema, "Songeni." Wakasonga. Wale akina mama wawili wa kanisani ndio waliosonga kwanza. Akakaa, akampakata Akinyi, akatoa ile kadi kifuani akaishika mkononi, jina la Elisha likiwa juu ambapo yeyote angelisoma.

Sista, bado najichukia, na sikuombi uniambie nisijichukie. Kazi hii ulinifundisha kwa miaka kumi na mimi nikaiuza kwa kikombe cha chai na sifa ya mgeni. Pumzika huko kwenye udongo wenu mwekundu, na mvua isikusumbue. Sitakuahidi mambo ya vibao na vyeti, hayo si yangu kuyapa. Ninakuahidi kwamba Ijumaa, niwe mkuu au niwe mfagiaji, nitakuwa ukumbini kabla ya benchi kujaa. Na siku pumzi itakaponikalia mimi kooni, nitamtafuta wa kumvisha ufunguo huu, na kabla sijamvisha nitamsimulia habari ya mkono mwekundu mpaka mwisho, hata kama nitapumzika mara kumi.

Sweta yako nimeivaa. Kuna baridi humu.

Mwanafunzi wako,
Nyambura